Tungeingia kwa Mlango Gani? Magofu ya Kilwa ndani ya Miwani ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Sisi tunaosoma fasihi tumezoea kuhakiki vitu vyenye kurasa: riwaya, tamthiliya, diwani. Katika makala haya naomba ruhusa nihakiki kitu kisicho na ukurasa hata mmoja. Kitu chenyewe ni Kilwa Kisiwani iliyotengenezwa kwa kompyuta, ambayo mtu huiingia kwa kuvaa miwani mizito inayoziba macho yote mawili. Wataalamu wanaiita teknolojia hiyo uhalisia pepe. Ukishaivaa, ukigeuza kichwa kushoto unaona ya kushoto, ukiinua uso unaona dari, ukipiga hatua ukuta unakusogelea. Kila jicho linaonyeshwa picha yake, zikitofautiana kidogo tu, na akili inaziunganisha hata unaamini kwamba umesimama mahali penyewe.

Hoja yangu ni kwamba kitu hicho ni masimulizi kama masimulizi mengine. Kina msimulizi wake, kina waliotajwa na walionyamaziwa, na kwa sababu hiyo hakifai kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Hoja hii sikuitoa maktaba. Nilipewa na bibi yangu mzaa mama, anayeishi Kilwa Masoko. Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimia pamoja na rafiki yangu anayesomea mambo ya kompyuta. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza kielelezo cha Jumba la Makutani, lile la masultani wa Kilwa, jinsi walivyodhani lilikuwa kabla ya kubomoka. Bibi ana magoti mabovu. Kisiwa anakiona kila siku ng'ambo ya maji, lakini miaka mingi sasa hajapanda mashua kuvuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Na huyu mwenzio kabeba nini?"

Tukamweleza, tukamvika ile miwani juu ya mtandio wake. Kwanza alinyamaza. Kisha akanyosha mkono kuugusa ukuta, mkono ukapita hewani, akacheka mpaka tukaogopa ataanguka kwenye kiti. Akageuza kichwa huku na huku.

"Hii ndiyo Makutani?"

"Ndiyo bibi. Ya enzi zile."

"Pamefagiliwa," akasema. Halafu akauliza, "Sasa hapa mmeniingiza kwa mlango gani?"

"Mlango mkubwa, bibi," rafiki yangu akajibu, kwa fahari kidogo.

"Huo ulikuwa wa wenye mji. Sisi tungeingia kwa mlango gani?"

Rafiki yangu alinitazama, nami nikatazama chini. Nyumbani kwetu kuna jambo ambalo husemwa kwa sauti ndogo, tena mara chache, kwamba wazee wa bibi hawakuwa wenyeji wa pwani. Waliletwa. Walitoka bara, kwa miguu, na hawakuja kwa hiari yao. Basi swali lile halikuwa la mzaha hata kidogo, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

2.0 Kinachopimwa

Kabla ya kulaumu, ni haki kwanza kuisifu kazi inayostahili sifa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutolewa humo hadi mwaka 2014. Hatari yenyewe ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Mvua inalainisha chokaa, mizizi inapasua kuta, mikoko ikikatwa mawimbi yanapata njia, na upande wa Gereza unaotazama bahari umekwisha kuliwa na maji.

Katika hali hiyo kupima ni kuokoa. Mashine ya leza huwekwa mbele ya ukuta, inatupa miale ya mwanga, na kwa kila mwale inapima umbali wa pale ulipogonga. Nukta moja, nukta nyingine, mpaka zinafika mamilioni na kuwa kama wingu lenye umbo la jengo. Picha za kawaida, tena nyingi mno, zinaongezwa ili kulipa wingu hilo rangi na ngozi. Mradi uitwao Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, umefanya kazi hiyo Kilwa na katika magofu mengine ya pwani yetu. Mwaka 2020 kampuni ya Google, pamoja na mashirika ya CyArk na ICOMOS, ilionyesha duniani kote sehemu tano za urithi zinazotishiwa na mabadiliko ya tabianchi, na Kilwa ilikuwa mojawapo.

Anayeona huu ni mchezo wa matajiri na atazame Uganda. Makaburi ya Kasubi mjini Kampala, walikozikwa makabaka wanne wa Buganda, yalipimwa mwaka 2009. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba yake kuu ya miti na nyasi iliteketea kwa moto. Vipimo vilikuwa vimetangulia kwa mwaka mmoja tu.

Kwa hiyo sina ugomvi na leza. Nukta ni ushahidi, na ushahidi ni mali. Tena kwa mtu kama bibi, ambaye hawezi tena kuvuka mkondo wa maji, au kwa mwanafunzi wa Kigoma ambaye nauli ya kwenda Kilwa haipati, miwani hii ni neema. Ugomvi wangu unaanzia pale nukta zinapokwisha.

3.0 Kinachokisiwa

Leza hupima kilichosimama. Kilichoanguka haikipimi. Hapo ndipo mtengenezaji anapokaa kwenye kiti cha mtunzi, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui kwamba amekikalia.

Hebu tuchukue Msikiti Mkuu wa Kilwa. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11. Karne ya 14 uliongezwa ukumbi mkubwa upande wa kusini, na karne ya 15 sehemu hiyo ikajengwa upya, pamoja na makuba yake. Sasa, ukiambiwa "ufufue" msikiti huo, utaufufua wa mwaka gani? Ukichagua wa karne ya 15 umeufuta wa karne ya 11. Ukichanganya yote umejenga msikiti ambao hakuna muumini hata mmoja aliyewahi kuswali ndani yake. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria anaijua adha hii, na msomaji wake humdai jibu. Mwenye miwani hadai, kwa sababu anaambiwa kwamba anaona, hasomi.

Au tuchukue Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lina vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane ambalo hadi leo linashangaza watu. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, pamoja na wataalamu wengine, wanaona kwamba huenda jumba hilo halikumalizika kamwe. Kumbe basi, fundi wa kompyuta anayelitia paa kila chumba analimalizia sultani kazi iliyomshinda mwenyewe!

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kila kijitabu cha watalii kinapenda kurudia kwamba aliusifu mji ule kwa uzuri. Ni kweli aliusifu. Lakini katika maelezo yake nyumba za mji ni za miti na mapaa yake ni ya majani. Wanazuoni wamebishana juu ya sentensi hiyo, kwani mawe ya Kilwa tunayo na tunayagusa. Mimi naona inatukumbusha jambo la kawaida kabisa: kandokando ya nyumba chache za mawe walikuwapo watu wengi wa nyumba za miti na udongo. Nyumba hizo zimeoza. Leza haikuzikuta, basi hazimo katika miwani, na mji wenye tabaka mbalimbali umegeuka mji wa majumba matupu. Isitoshe, Ibn Battuta naye alisimulia kutoka kichwani. Safari zake ziliandikwa Moroko na kukamilika mwaka 1355, yaani miaka ishirini na zaidi baada ya kuiona Kilwa. Naye pia alikuwa fundi wa kufufua!

Wenye taaluma hii hawajalala. Mwaka 2006 waliandika Mkataba wa London, wakaurekebisha mwaka 2009, na ndani yake wanataka kila kielelezo cha namna hii kieleze wazi kipi ni ushahidi na kipi ni kisio. Hilo ni jambo jema. Lakini ni nani anayeyasoma maelezo hayo akiwa ndani ya miwani? Ukuta uliopimwa na ukuta uliokisiwa vina rangi moja.

4.0 Wasioonekana

Nilipomsogezea rafiki yangu swali la bibi, alijitetea.

"Kaka, leza haipimi mtu aliyekufa. Watumwa hawakuacha kuta."

"Na paa?" nikamuuliza. "Paa la Makutani leza ililipima?"

Akacheka. "Tulilikisia."

"Kwa kutumia nini?"

"Maandishi. Majengo mengine ya aina hiyo. Akili ya kawaida."

Basi hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kama maandishi na akili ya kawaida vinatosha kurudisha paa, kwa nini visitoshe kurudisha watu? Maandishi yapo, tena hayajifichi. Ibn Battuta huyuhuyu anasimulia habari ya Sultani al-Hasan, aliyejulikana kwa ukarimu. Fakiri mmoja wa Yemeni alimwomba nguo alizovaa mwilini, naye akazivua akampa. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi badala yake, na sultani alipoona jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Habari hii husomwa kama sifa ya ukarimu, na kwa hakika msimulizi alikusudia hivyo. Sisi wahakiki tunafundishwa kuuliza juu ya wahusika wasiopewa sauti. Watu ishirini wanakabidhiwa mtu mmoja katika hadithi ya nguo, na hatuambiwi jina la hata mmoja wao.

Tuje Makutani kwenyewe, jumba la karne ya 18. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifunga mkataba na Mfaransa aitwaye Morice. Katika mkataba huo Kilwa ilikubali kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kwa kila mtu. Watu hao walitakiwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Ukumbi ambao bibi aliuona "umefagiliwa" ni wa utawala uliokuwa na biashara hiyo. Ukiuonyesha ukumbi ukaacha mkataba, umesimulia nusu, na nusu uliyoiacha ndiyo ya kina bibi.

Hata kuta zenyewe zinasema, mradi ujue kuzisikiliza. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Matumbawe laini ya kuchongea mihirabu na nakshi yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya matanuri ya magogo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vya pwani ni virefu lakini vyembamba. Kila chumba kina kipimo cha mti uliokatwa na mtu aliyesimama matopeni maji yakiwa kiunoni. Kielelezo cha rafiki yangu kina boriti safi, zimepangwa vizuri. Mkono uliozikata haumo.

Wala si watu tu waliotoweka. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Ureno na mwaka 1506 ikatengenezwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, ambacho leo kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Mwaka 1505 mji wenyewe ulishambuliwa na kuporwa na jeshi la Almeida. Basi tuwe macho, jamani. Siku moja tunaweza kuletewa picha nzuri ya pande tatu ya kila kilichochukuliwa kwetu, tukaambiwa eti tumerudishiwa. Kuna swali lingine pia la kuuliza: vipimo vya magofu yetu vinahifadhiwa wapi, na mtoto wa Kilwa akivitaka atavipata kwa idhini ya nani?

5.0 Fasihi ilitangulia

Kazi ya kumtembeza mtu ndani ya gofu si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi unaotazama magofu ya Pate. Mshairi anauita moyo wake mwenyewe uje uone majumba ya matajiri yalivyokuwa na yalivyogeuka. Kinachonivutia kwa upande wa fani ni kwamba nyakati mbili zinaonekana kwa pamoja. Taa inawaka na popo ananing'inia katika nyumba ileile. Msomaji haruhusiwi kustarehe katika fahari ya jana, kwa sababu uharibifu wa leo uko naye chumbani. Miwani ya rafiki yangu ilikuwa na wakati mmoja tu, tena ule wa fahari.

Masimulizi ya Kilwa nayo yanatupa somo. Tarihi ya kale ya Kilwa inasema mtawala wa kwanza kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, kisha ukachimbwa mkondo ili mwenye kisiwa wa mwanzo asiweze kurudi kwa miguu maji yakipwa. Katika masimulizi ya mdomo mkondo haukuchimbwa kwa majembe, bali ilisomwa Kurani na kutolewa sadaka mpaka bahari ikajaa. Wanahistoria wa leo wana mashaka makubwa na habari ya hao Washirazi. Lakini ona jinsi masimulizi yalivyomhifadhi yule aliyeondoshwa! Yuko ng'ambo, anakitazama kisiwa alichokiuza, na maji yapo katikati. Nilipomsikia bibi akiuliza habari ya milango, akiwa amekaa barazani Kilwa Masoko, nilimkumbuka mtu huyo.

6.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba uhalisia pepe ni masimulizi, na kwamba nguvu yake ya kushawishi ndiyo inayotudai uhakiki mkali zaidi. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kilichopimwa na kilichokisiwa kitofautishwe mbele ya macho, kwa rangi au kwa kivuli, si katika maelezo ya pembeni. Pili, mtazamaji aweze kuhama kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, pamoja na mwaka huu wa leo wenye nyasi ukutani, mbuzi, na wanakijiji wanaoishi jirani na magofu. Tatu, watu waingizwe, hata kwa sauti tu pale ambapo sura zao hatunazo, na wenyeji waulizwe kabla kielelezo hakijakamilika, si baada ya kuzinduliwa.

Kwa upande wetu, wanafunzi wa Kiswahili na wa historia tusingoje kualikwa. Mafundi wanahitaji watu wa kusoma tarihi, kukusanya masimulizi na kuuliza maswali ya kuudhi. Hiyo ndiyo kazi tunayofundishwa, si ndiyo?

Siku ya kuondoka, rafiki yangu alimwomba bibi aturuhusu kurekodi sauti yake, ili mtu akiingia Makutani aisikie. Bibi alifikiri kwa muda mrefu, akisokota ncha ya mtandio. Mwisho akakubali, lakini akatoa sharti: atakayeingia asianzie mlango mkubwa. Aanzie ufukweni, mahali walipokuwa wakishushwa watu, apande kwa miguu mpaka nyuma ya jumba, penye jiko.

"Na asikute pamefagiliwa," akaongeza.

Rafiki yangu bado anaitengeneza njia hiyo. Ameniambia ni ngumu kuliko paa. Anaanza na upande wa nyuma, ambako kuta zimebaki kidogo sana, na kila wiki ananiuliza maswali ambayo inanibidi nirudi maktaba kuyatafutia majibu. Wenye mawazo tofauti na waandike. Mjadala nauacha wazi.